Pombe, Unga na Vidonge: Maswali Ambayo Familia za Nairobi Hutuuliza

Maswali haya hutufikia kwa simu, kwa ujumbe wa usiku wa manane, na mara nyingi zaidi pembeni mwa lango la kituo cha afya, mwulizaji akiwa ameteremsha sauti ili jirani asisikie. Sisi ni wahudumu wa kujitolea upande wa Eastlands: wauguzi wachache, washauri nasaha, na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe. Hatuuzi vitanda vya rihabu wala hatupokei chochote kwa kumpeleka mtu kituo fulani. Kama mtu wako yuko taabani sasa hivi, ruka hadi swali la kuzidiwa au la pombe yenye sumu. Mengine yanaweza kungoja.

Mume wangu hunywa Ijumaa hadi Jumapili tu, na kazini hakosi. Huyo ni mraibu?

Huenda ndiyo, huenda siyo. Siku na chupa hazitoshi kutoa jibu. Tazama kinachotokea anapojaribu kujizuia. Aliahidi mbili akarudi na kumi? Anahitaji nyingi kuliko mwaka jana ndipo alewe? Jumatatu asubuhi mikono inatetemeka mpaka atoe loki, yaani anywe kidogo ndipo atulie? Kodi imeanza kuchelewa bila maelezo, na chupa zimeanza kufichwa nyuma ya mtungi wa gesi? Ukijibu ndiyo kwa mawili au matatu kati ya hayo, mpeleke akapimwe.

Kupimwa kwenyewe hakuna sindano. Ni dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, lenye maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Anayefikisha 8 unywaji wake tayari ni wa hatari. Anayefikisha 20 anahitaji kuchunguzwa kwa kina kama ameshakuwa mraibu. Mhudumu yeyote wa afya aliyefunzwa anaweza kumpitisha.

Na kama unaona aibu, ukidhani ni mlango wako peke yake kwenye ploti: utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Mkenya 1 kati ya 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kileo kimoja, tumbaku ikihesabiwa, na 1 kati ya 8 anatumia pombe. Sasa hesabu milango.

Sina pesa kabisa. Nianzie wapi?

Piga 1192. Hiyo ni simu ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Haitozwi na hupokewa mchana na usiku. Utaongea na mshauri, na si lazima utaje jina lako. Mweleze mgonjwa anatumia nini, tangu lini, na mnaishi mtaa gani.

Kisha mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Serikali ilizindua wahudumu 100,000 nchi nzima Septemba 2023, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa. Uzuri wake ni kwamba huyu anaijua nyumba yenu na anaweza kuja bila kuzua maneno, kwa sababu huja pia kwa shinikizo la damu na chanjo za watoto. Atakuandikia rufaa.

Kwa ulevi mzito au mchanganyiko wa dawa, rufaa nyingi huishia Hospitali ya Mathari, barabara ya Thika, mkabala na Muthaiga. Najua watu wetu wanavyolitumia jina hilo kutukanana. Hospitali ilianza mwaka 1910 na sifa ya zamani haijaiacha, lakini ndani yake kuna kitengo cha waraibu, kuna kliniki ya methadoni (dawa ya kuwatibu watumiaji wa heroini), na gharama ni ya hospitali ya umma. Jirani akiuliza mmetoka wapi, semeni mmetoka hospitali.

Kwa anayetumia unga, yaani heroini, njia fupi zaidi ni vituo vya mtaani vinavyoendeshwa na mashirika ya kijamii. NOSET na SAPTA wamefanya kazi hii jijini kwa miaka mingi. Mtu huingia alivyo: hajaacha, hajaoga, hana kitambulisho. Anapata ushauri, vipimo vya virusi vya ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu, na akiwa tayari anaandaliwa kwenda kliniki.

Ameapa kuacha pombe leo. Nimfungie ndani siku tatu imtoke?

Usimfungie. Hili ndilo swali linalotutia hofu kuliko yote, kwa kuwa linaulizwa kwa mapenzi na limeshaua watu.

Mwili uliozoea pombe ya kila siku kwa miaka umejipanga kuishi nayo. Ukiikata ghafla, ubongo unabaki umechemka. Ndani ya saa 6 hadi 24 huanza kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Wengine huishia hapo wakapona. Lakini kati ya saa 6 na 48 mtu anaweza kupata mshtuko wa kifafa ambao hajawahi kuupata maishani. Na kuanzia siku ya pili hadi ya nne wachache huingia kwenye hali mbaya zaidi: wanachanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani, wanapigana na watu wasiokuwapo, joto linapanda. Familia nyingi hufikiri amerogwa au mapepo yamemtoka vibaya, wanaita maombi. Ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali. Hali hiyo isipotibiwa inaua.

Hospitalini kazi hii ni ya kawaida. Humpa dawa kama dayazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku baada ya siku, maji, na vitamini B1, kwa maana mlevi wa muda mrefu huwa amepungukiwa nayo na upungufu huo unaweza kumharibu kumbukumbu moja kwa moja. Siku 5 hadi 7 kwa kawaida zinatosha. Usijaribu kuiga nyumbani kwa vidonge vya usingizi vya shangazi: dayazepamu na pombe vikikutana mwilini pasipo mtu wa kupima, pumzi inaweza kukatika.

Anayehitaji uangalizi zaidi ni yule anayekunywa tangu asubuhi, aliyewahi kupata kifafa au kuchanganyikiwa alipoacha siku za nyuma, mwenye umri mkubwa, au mwenye ugonjwa wa ini. Kama ni usiku na mtaenda kliniki kesho, ni salama zaidi apate kiasi kidogo cha kuzuia kutetemeka kuliko kunyimwa kabisa. Inasikika vibaya mke kumpimia mumewe pombe, lakini ndivyo ilivyo. Akipata kifafa, hakuna kungoja kesho.

Na arosto ya unga, yale mateso ya kuukosa? Hiyo nayo inaua?

Kwa mtu mwenye afya ya wastani, mara chache. Inatesa: mafua, machozi, mifupa inauma, tumbo linakatika, kuhara, vipele vya baridi. Huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na hupungua ndani ya wiki. Hatari ya hapo hapo ni kuishiwa maji, kwa hiyo chumvi na sukari ya kuchanganya na maji iwe karibu.

Hatari kubwa huja baadaye. Baada ya wiki moja au mbili mwili umesahau. Akirudi maskani akajidunga kipimo chake cha zamani, kile alichokibeba bila shida mwezi uliopita, pumzi inasimama. Ndiyo maana wengi hufa wakiwa wametoka tu jela, rihabu au kijijini kwa nyanya. Waambie wazi wanapotoka, hata kama mchungaji wa kituo anaona ni kuwapa mawazo.

Methadoni si ni unga wa serikali tu?

Tunalisikia hili kwenye matatu, kanisani, hata kwa wauguzi. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, hilo ni kweli, na mtu anaweza kuizoea. Tofauti iko kwenye mwendo wake. Heroini hupanda ndani ya dakika chache na kushuka ndani ya saa chache, hivyo mtumiaji anatafuta pesa mara 3 au 4 kwa siku, na tunajua zinatafutwaje. Methadoni hunywewa mara moja, ikapanda polepole na kukaa mwilini kwa zaidi ya siku nzima. Hakuna stimu, hakuna arosto. Anaamka, anaenda kliniki, anakunywa mbele ya muuguzi, anaenda kazini. Hakuna sindano, kwa hiyo hakuna kuambukizana virusi vya ukimwi wala homa ya ini aina ya C.

Kenya ilianza huduma hii mwishoni mwa 2014, na Mathari ndiyo iliyotangulia. Nairobi kuna kliniki nyingine Ngara. Safari huanza kwenye kituo cha mtaani: vikao vya maandalizi, kipimo cha mkojo kuthibitisha kwamba kweli anatumia heroini, kisha daktari. Dozi ya kwanza ni ndogo, mara nyingi miligramu 20 hadi 30, na hupandishwa kwa uangalifu. Wengi hutulia mahali fulani kati ya 60 na 120. Kuna pia buprenofini kwa baadhi ya wagonjwa.

Mambo mawili yanayowaangusha watu. La kwanza ni kuchanganya na bugizi (vidonge vya kulevya vya usingizi) au pombe, eti methadoni haipandishi. Mchanganyiko huo ndio unaoua. La pili ni kukosa siku. Akikosa siku 3 mfululizo dozi lazima ipitiwe upya, kwani mwili umeanza kupoteza uzoefu. Kwa hiyo familia ikitaka kusaidia kweli, iache kumsimanga na imlipie nauli. Mtu wa Korogocho asiye na nauli ya kwenda Ngara kila siku hana tatizo la nia.

Atamaliza lini? Baada ya mwaka, baada ya miaka 5, wengine hawamalizi. Hatumwulizi mwenye kisukari swali hilo kwa sauti ile tunayomwulizia huyu.

Amezidiwa. Midomo ya bluu, hapumui vizuri, haamki. Nifanye nini?

Mwite kwa nguvu, msugue kifuani kwa vifundo vya ngumi. Haitiki? Mtu mmoja atafute gari au ambulensi sasa hivi, usisubiri uone. Kama hapumui, mpulizie mdomoni, pumzi moja kila sekunde 5. Kama anapumua lakini hajitambui, mlaze ubavu ili matapishi yasimkabe, na usimwache peke yake.

Naloksoni ndiyo dawa ya kumrudisha aliyezidiwa na heroini, na wahudumu wa vituo vya mtaani wengi hufunzwa kuitumia. Kama kuna kituo karibu, mtume mtu mbio. Hata akizinduka, aende hospitali: naloksoni huisha mapema kuliko unga, na anaweza kuzama tena.

Maziwa, maji ya chumvi, kumchapa makofi, kumwingiza kwenye beseni la maji baridi: yote haya hapana.

Alikunywa kitu jana, leo anasema haoni vizuri.

Hospitali, dakika hii. Inaweza kuwa methanoli, kemikali ya viwandani ambayo watengenezaji huongeza ili pombe ikaze. Huwezi kuionja wala kuinusa ukaitofautisha. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho, na dalili huchelewa saa 12 hadi 24, ndiyo maana mtu hulala vizuri na kuamka akiona ukungu. Maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi vikiongezeka, muda umekwisha. Madaktari wana dawa ya kuizuia na wanaweza kusafisha damu kwa mashine. Mkiwa mlikunywa pamoja, nendeni nyote, hata mnaojisikia wazima.

Mei 2014 makumi ya watu walikufa hivi Embu, Kiambu na kwingineko. Februari 2024 wakafa wengine zaidi ya 10 Kirinyaga. Kila mara tunaambiwa tatizo ni chang'aa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Walioua ni watu waliotia kemikali, wengine kwenye chupa zenye lebo nzuri tu.

Rihabu ni pesa ngapi, na SHA inalipa?

Vituo vya kibinafsi ndani na nje kidogo ya Nairobi hutoza kuanzia makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi hadi laki kadhaa, na programu ya kawaida ni siku 90. Bei kubwa mara nyingi ni ya bustani na chakula. Uliza ni washauri wangapi kwa wagonjwa wangapi, halafu linganisha.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na huduma za afya ya akili zimo kwenye mafao yake, matibabu ya uraibu yakiwemo. Mambo mawili lazima yawe sawa kabla hajalazwa: awe amesajiliwa na michango imelipwa, na kituo kiwe na mkataba na SHA. La kwanza unaliangalia kwa *147#. La pili mwambie mhasibu wa kituo akuonyeshe kwa maandishi kiasi ambacho bima italipa na kiasi mtakachobaki nacho ninyi. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa asiye na ajira hulipwa wa mwaka mzima, kwa hiyo usingoje mpaka siku ya kulazwa.

Ombi letu kwa mnaopanga harambee: msichange pesa zote za miezi mitatu ya kulala. Wekeni kando fungu la miezi sita inayofuata, la nauli na ushauri. Tutalirudia hili hapa chini.

Nitajuaje kituo ni halali?

Uliza cheti cha NACADA, na kiwe cha mwaka huu. Cheti cha kweli hutundikwa ukutani. Cha kwenye simu ya mkurugenzi kitilie shaka. Nani ni daktari wao, na huja siku gani? Wanamtoaje mtu pombe mwilini, na nani hukaa naye usiku? Familia inaruhusiwa kumwona baada ya muda gani? Kituo kinachosema msimwone miezi mitatu, msimpigie, msiulize, ondokeni.

Ondokeni pia mkiahidiwa kwamba atapona asilimia 100. Na mkisikia adhabu ya viboko, minyororo, au kazi za shamba zikiitwa tiba.

Rafiki ameniambia kuna vijana wanakuja na gari usiku wanamchukua kwa nguvu. Tulipie?

Hapana. Tunaelewa mlivyochoka. Lakini Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu, kuyakubali na kushiriki kuyapanga. Kuna utaratibu wa kumlaza mtu asiyejiweza kuamua, nao unapitia kwa daktari na hospitali, hauna vijana wa gari. Zaidi ya sheria, yapo matokeo: aliyebebwa kama mzigo hukaa akihesabu siku za kutoka, na akitoka hamwamini aliyefungua mlango usiku ule. Mara nyingi ni mama yake.

Lakini yeye mwenyewe hataki msaada.

Wengi wa tuliowaona wakipona hawakuwa wanataka, siku ya kwanza. Walitaka mke asiondoke, au kazi isiishe, au tumbo liache kuuma. Anzeni na hicho anachokitaka.

Ongea naye akiwa hajalewa, mapema asubuhi, mtu mmoja au wawili anaowaheshimu. Mjomba aliyetulia anafaa kuliko baraza la ukoo zima. Taja mambo uliyoyaona kwa macho: "Jumamosi mtoto alikukuta umelala kwenye ngazi." Usitaje tabia yake yote tangu kidato cha pili. Kisha mpe jambo dogo la kufanya, kama kwenda kupimwa tu, na liwe tayari: umeshapiga simu, unajua kliniki inafunguliwa lini.

Upande wa pili, acha kumfutia madhara. Usimpigie bosi kusema ana malaria. Usilipe deni lake la kegi. Msosi mpe, pesa taslimu usimpe. Wengine hushauri aachwe kabisa mpaka apate funzo. Kwa unga na kwa pombe za sumu, funzo hilo watu hawarudi nalo.

Miezi mitatu imeisha, anarudi Jumapili. Tuandae nini?

Hapa ndipo pesa na machozi mengi hupotea, na hapa ndipo tungependa mtumie nguvu zenu. Rihabu ni mahali pasipo na pombe, pasipo na simu, pasipo na madeni. Kukaa vizuri pale si jambo gumu sana. Kisha mtu anarejeshwa Kayole au Githurai, kwenye ploti yenye duka la pombe orofa ya chini, na siku ya pili marafiki wa baze wanampigia mluzi.

Kabla hajafika, kaeni na mshauri wa kituo na yeye mwenyewe mpange wiki ya kwanza saa kwa saa. Atalala wapi? Kama chumba chake kinatazamana na maskani, ahamie kwa dada yake hata kwa miezi miwili. Laini ya simu ibadilishwe, namba za wauzaji zifutwe na yeye mwenyewe. Pesa ni mtihani mkubwa: wengi huanguka siku ya mshahara, basi wakubaliane na mke au mama mshahara uingie wapi kwa miezi ya mwanzo. Awe amekubali, msimnyang'anye. Saa za hatari zijulikane; kwa wengi ni Ijumaa jioni na Jumapili mchana baada ya kanisa, mtu akiwa hana la kufanya.

Kazi ya kumshughulisha ipatikane mapema, hata kama ni kumsaidia mtu kibandani. Tuliowaona wakidumu wengi walikuwa na sababu ya kuamka saa 12 asubuhi. Msimpe mtaji wa pikipiki wiki ya kwanza, tafadhali. Boda itauzwa.

Kisha ushauri uendelee: kila wiki miezi mitatu ya kwanza, halafu kila wiki mbili. Kwa pombe zipo dawa za kupunguza hamu, kama naltreksoni, na disulfiramu inayomfanya mtu augue vibaya akionja. Zote ni kwa daktari, na disulfiramu haipaswi kutiwa kwenye chai ya mtu kwa siri. Tumeulizwa hilo mara nyingi. Inaweza kumuua.

Ameanguka tena. Pesa zetu zimeenda bure?

La. Taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya hukadiria kwamba asilimia 40 hadi 60 ya waliotibiwa hurudia wakati fulani, kiwango kinacholingana na wagonjwa wa shinikizo la damu na pumu wanaoacha masharti yao. Cha kufanya ni kumrudisha kwa mshauri ndani ya siku chache, kabla glasi moja haijawa mwezi. Aulizwe alikuwa wapi, na nani, saa ngapi, alihisi nini. Majibu hayo yana kazi kuliko kumrudisha siku 90 nyingine.

AA ni kanisa?

Hapana. AA (Alcoholics Anonymous) ni vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha, ingawa vikao vingine hukutana kwenye majengo ya kanisa. Ilianzishwa Marekani mwaka 1935 na walevi wawili waliogundua kwamba wakizungumza wao kwa wao wanakaa bila kunywa. Kuingia ni bure, majina ya ukoo hayatajwi, na Nairobi vikao vipo kila wiki. Kwa dawa nyingine kuna NA, vikundi vya aina hiyo hiyo. Lugha yao inamtaja Mungu, wapo Waislamu, Wakristo na wasio na dini, na wapo ambao haikuwafaa. Akienda vikao vitatu vinne na bado haipendi, atafute kundi jingine.

Bangi, miraa na muguka je?

Hakuna dawa ya kuziba pengo kama methadoni. Tiba ni ushauri. Kijana anayeanza kusikia sauti au kushuku kila mtu baada ya bangi aonwe na daktari wa akili haraka, kwani kwa wengine ni mwanzo wa ugonjwa mwingine. Mtafuna muguka huwa hajalala, na asiyelala hutafuta pombe au vidonge vya kumlaza. Mweleze daktari vyote.

Mtoto wa kidato cha pili amekutwa na vidonge shuleni.

Mwombe mwalimu mkuu asimfukuze kabla hajaonwa. Mtoto aliye nje ya shule mchana kutwa amepewa nafasi zaidi ya kutumia. Piga 116, simu ya watoto isiyolipishwa. Na uliza kimya kimya nyumbani kuna nini. Vidonge mara nyingi vimetoka kwenye kabati la familia.

Dada yetu anakunywa kwa siri, ana mtoto mchanga. Wanawake wanatibiwa wapi?

Pale pale, kwa nambari zile zile, lakini vitanda vya wanawake ni vichache na wengi wao hawana wa kumwachia mtoto, kwa hiyo tiba ya kutwa, ya kwenda na kurudi, huwafaa zaidi. Mwanamume mlevi huitwa mlevi. Dada yenu ataitwa majina ambayo hatuyaandiki hapa. Ndiyo sababu huchelewa.

Kama ni mjamzito asiache ghafla peke yake, iwe pombe au unga. Aende kliniki ya wajawazito na aseme kweli. Methadoni hutumika wakati wa ujauzito na ni salama kwa mimba kuliko heroini na arosto za kupanda na kushuka. Kama kunywa kwake kumefungamana na kipigo nyumbani, 1195 ni simu ya bure ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.

Mwajiri anaweza kumfuta?

Kulewa kazini hadi kushindwa kazi ni kosa kubwa chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007, ila kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amsikilize kwanza, akiwa na mwenzake wa kazini. Anayejipeleka hospitali kabla ya kushikwa ana nafasi nzuri. Aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo ana haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Cheti hakihitaji kueleza yote kwa ofisi nzima. Taarifa za afya zinalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019.

Mimi ndiye mama. Silali. Nani ananiangalia mimi?

Mama, na wewe una foleni yako. Shinikizo la damu tunalolipima kwa wazazi wa waraibu linatuogopesha. Pima lako. Washauri wa 1192 huongea pia na familia, na Msalaba Mwekundu wana 1199 kwa yeyote aliyelemewa. Kuna vikundi vya jamaa za walevi vinavyokutana kama AA. Na una ruhusa ya kufunga mlango wa chumba chako na kulala, kuficha kadi ya benki, na kumwambia hapana.

Siku ya kwanza kliniki tubebe nini?

Kitambulisho au nakala, namba ya SHA kama ipo, vikaratasi vya dawa anazotumia zikiwemo za ukimwi au kifua kikuu, maji, na kitu cha kula. Fikeni kabla ya saa 2 asubuhi. Kama ni mtumiaji wa unga, msimzuie kutumia usiku ule ili "aende msafi". Atashikwa na arosto kwenye foleni na kukimbia kabla hajaitwa. Aje mtu mmoja naye, yule ambaye hatazungumza sana.